Mhadhiri, kabla ya kuuliza programu, uliza wanakwama wapi

Muhula unapokaribia, wahadhiri wenzangu huniuliza watumie programu gani kufundishia. Wageni wa kazi huuliza waziwazi. Wakongwe huuliza kwa kunong'ona, korido ikiwa tupu. Jibu langu huwaudhi kidogo kwa sababu nalo ni swali: wanafunzi wako hukwama wapi? Asiyeweza kunitajia hata mada moja namwomba aiweke programu kando kwanza, achukue karatasi za mtihani wa mwaka jana, azipitie upya huku akiandika pembeni kosa linalojirudia. Pale penye kosa linalojirudia ndipo picha, sauti na kompyuta zina kazi. Kwingineko chaki na mdomo vinatosha.

Mimi nafundisha takwimu, na wengi wa wanafunzi wangu hawakuja chuo kikuu kwa ajili yake. Wamekuja kusomea uuguzi, kilimo, elimu ya jamii. Takwimu wameikuta kwenye orodha ya masomo ya lazima. Kukokotoa wastani hakuwasumbui. Grafu wanazisoma. Kinachowaangusha ni wazo moja: kwamba wastani wa sampuli, yaani wa watu wachache waliochukuliwa kati ya wengi, nao hubadilika kutoka sampuli hadi sampuli, na kwamba kubadilika huko kuna mpangilio. Ukilisema kwa maneno wanaitikia kwa kichwa. Ukiwapa swali, ndipo utajua walikuwa wanaitikia tu.

Basi hapo ndipo ninapowasha projekta. Natumia R, programu ya bure ya takwimu iliyoanzishwa miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Auckland huko New Zealand. Natengeneza data ya kubuni kuhusu kipato, iliyoegemea upande mmoja: watu wengi wana kidogo, wachache wana kingi mno. Umbo lake kwenye skrini ni mlima upande wa kushoto na mkia mrefu kuelekea kulia. Kisha nawaambia hivi: kompyuta itawachukua watu 30 kwa bahati nasibu, itatafuta wastani wao, itaweka nukta moja, halafu itarudia hivyo mara 1,000. Chora kwenye daftari lako umbo ambalo nukta hizo zitafanya. Nasubiri. Napita kati ya viti nikichungulia. Karibu wote huchora mlima ule ule wa kushoto na mkia wake.

Ndipo nabonyeza. Nukta za mwanzo nazidondosha moja moja, ili waone kwamba kila nukta ni watu 30 na si mtu mmoja, maana hilo ndilo fundo lenyewe. Baadaye naziachia zikimbie. Zinajazana katikati, zinapungua pande zote mbili, na umbo linaelekea kuwa kengele. Daima kuna atakayeuliza mkia umeenda wapi, na simjibu. Namrudisha kwenye daftari lake, awaeleze wenzake kwa nini watu 30 kuwa matajiri wote kwa pamoja ni jambo gumu kutokea. Tukimaliza nabadilisha 30 kuwa 5, mkia unarudi. Naweka 100, kengele inakonda. Kazi yote hiyo ni mistari michache ya msimbo, haina rangi wala muziki.

Sehemu ya kuchora kwanza msiiruke. Mwaka 2004 mwanafizikia Eric Mazur na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti kuhusu maonyesho ya fizikia darasani. Wanafunzi waliotazama tu hawakuwazidi sana kiuelewa wale ambao hawakuonyeshwa chochote. Waliotakiwa kubashiri kabla ya kuona ndio waliofaidika. Nikiingia kwenye darasa la mwenzangu nikakuta video ya dakika kumi inajichezea mbele, wanafunzi wameegemea viti, huwa najizuia kwenda kuisimamisha. Isimamishe. Waulize kinafuata nini, waandike, ndipo uendelee.

Huyo huyo Mazur ndiye aliyeeneza, tangu mapema miaka ya 1990, mtindo wa kupigisha kura darasani. Unatoa swali lenye majibu ya kuchagua, kila mmoja anajibu peke yake, kisha anamgeukia jirani yake wajadiliane, halafu wanapiga kura tena. Swali ninalolipenda kuliko yote ni lile ambalo wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walilitumia katika makala yao ya mwaka 1974. Mji una hospitali mbili. Katika kubwa huzaliwa watoto kama 45 kwa siku, katika ndogo kama 15. Kwa mwaka mzima kila hospitali iliandika siku zote ambazo zaidi ya asilimia 60 ya waliozaliwa walikuwa wavulana. Ipi iliandika siku nyingi zaidi? Kati ya wanafunzi 95 walioulizwa wakati huo, 53 walisema zinalingana. Wangu nao huelekea huko huko kila mwaka, pamoja na kwamba kengele wametoka kuiona. Jibu ni hospitali ndogo: idadi ikiwa ndogo, matokeo huyumba zaidi.

Kwa kura hizo simu zao zinatosha, na programu za bure zipo tele. Ila zingatieni mambo mawili. Matokeo ya kura ya kwanza yafiche. Wakiona wengi wamechagua jibu la pili, mjadala umekufa kabla haujaanza. Pili, Mazur alishauri mjadala ufanyike pale waliopata jibu sahihi katika kura ya kwanza wakiwa kati ya asilimia 30 na 70 hivi. Chini ya hapo wataambukizana ujinga, kwa hiyo rudi ueleze upya. Juu ya hapo songa mbele. Na mtandao ukikataa siku hiyo? Vidole kifuani: kimoja, viwili, vitatu. Kifuani, si juu ya kichwa, maana mkono ukienda juu kila mtu anaangalia wa rafiki yake kwanza.

Sasa slaidi, ambazo ndizo wengi humaanisha wakisema wanafundisha kwa TEHAMA. PowerPoint imekuwapo tangu 1987 na bado tunaitumia kama daftari la mhadhiri lililotundikwa ukutani. Ukiweka aya nzima kisha ukaisoma kwa sauti, mwanafunzi anasoma kwa kasi yake na kukusikiliza kwa kasi yako, na viwili hivyo vinagombania akili ile ile. Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amelifanyia jambo hili majaribio kwa miongo kadhaa: mara nyingi watu hujifunza vizuri zaidi kutokana na mchoro na sauti kuliko mchoro, sauti na maandishi yanayorudia sauti ile ile. Na mapambo yasiyohusiana na mada, hata yakiwa ya kuvutia, hupunguza kinachokumbukwa. Mimi maandishi nayaweka pale ambapo sikio peke yake haliwezi: fomula, istilahi mpya, jina gumu. Wenye usikivu hafifu na wanaojifunza kwa lugha isiyo yao nawapa maandishi kamili kama faili la kupakua, au manukuu kwenye video wanayoweza kuyawasha wenyewe.

Mfano mmoja wa kutengeneza slaidi. Grafu ina mistari minne, na pembeni kuna kisanduku kinachosema nyekundu ni kundi hili, kijani ni lile. Mwanafunzi anatazama mstari, anakimbilia kisanduku, anarudi kwenye mstari, amesahau. Futa kisanduku. Andika jina la kundi mwishoni mwa mstari wake, kwa rangi ya mstari huo. Kisha mistari mitatu ifanye kijivu, na ule unaouzungumzia uuache na rangi. Ukitaka kuzungumzia mwingine, nakili slaidi, ubadilishe rangi. Kazi hii haichukui muda, na inamwokoa pia asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani. Katika ukumbi uliojaa, mtu wa namna hiyo karibu hakosi kuwapo, ingawa hatakwambia.

Kuhusu video za kurekodi mwenyewe nina maoni makali kidogo. Acheni kuhangaikia kamera. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Muda wa kawaida ambao mtazamaji alidumu haukuzidi dakika 6, hata video ingekuwa na urefu gani. Tena video zenye hali ya mazungumzo, mwalimu akiwa mezani kwake, zilielekea kushika watu kuliko zile za studio ya gharama, na kuchora huku ukieleza kulishinda slaidi tupu. Kwa hiyo kata mada yako vipande: swali moja, video moja, jina la faili likisema swali hilo. Faili linaloitwa "Mhadhara 7 sehemu B mpya ya mwisho" hakuna atakayelitafuta usiku wa kuamkia mtihani.

Kitu cha kuhangaikia ni sauti. Picha hafifu inavumilika, sauti yenye mwangwi inafukuza watu. Chumba kidogo chenye mapazia na vitabu kinashinda ukumbi mtupu, na maikrofoni ya bei rahisi iliyo karibu na mdomo inashinda ya ghali iliyo mbali. Rekodi sekunde chache, vaa visikizi, sikiliza, ndipo uendelee na kipande kizima.

Halafu piga hesabu ya uzito, kwa niaba ya atakayepakua. Video inayotumia kilobiti 1,500 kwa sekunde hufika megabaiti 112 hivi kwa dakika kumi. Ukiipunguza hadi kilobiti 500 inakuwa kama 38, na kwa mchoro na maandishi makubwa tofauti haionekani sana. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 ni chini ya megabaiti 5 kwa dakika hizo hizo kumi. Mimi huweka zote mbili, video nyepesi na sauti tupu, pamoja na slaidi za PDF. Mfumo wa video ukikuonyesha sehemu ambazo watu wanarudisha nyuma, zisome kwa makini kuliko idadi ya watazamaji. Dakika inayorudishwa na wengi ni maelezo yaliyowashinda, na mara nyingi inatosha kurekodi upya dakika hiyo tu.

Mihadhara mizima? Irekodi ukipenda, ina faida kwa aliyeumwa. Usiihesabu kuwa ufundishaji.

Chombo ambacho naona kinapuuzwa ni jaribio dogo la mtandaoni lisilo na alama za kutisha. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanaosoma tena na tena hufanya vizuri wakipimwa dakika chache baadaye, lakini baada ya siku kadhaa wanaojipima kwa kukumbuka ndio hubaki na mengi. Moodle, mfumo wa bure wa kufundishia mtandaoni ulioanza 2002 na ambao vyuo vingi vinao, ina sehemu ya maswali inayosahihisha yenyewe. Ugumu uko kwenye majibu ya uongo. Jibu la uongo la kubuni ovyo halimdanganyi mtu, lile lililotolewa kwenye karatasi halisi za mtihani linamnasa aliyekuwa na kosa hilo hilo, na hapo ndipo unaandika maelezo mafupi yatakayomtokea: "Umechagua hili kwa sababu umedhani ukubwa wa sampuli hauhusiki." Benki ya maswali ya namna hiyo hujengwa taratibu, muhula kwa muhula.

Akili bandia nayo mtaniuliza. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 wanafunzi wanaitumia, tupende tusipende. Mimi huipa swali la hospitali, nikiwa nimebadilisha namba na mazingira, kisha naleta jibu lake darasani kama lilivyo. Kazi yao ni kusema kila sentensi inasimama au haisimami, na kwa nini. Siku nyingine jibu lote ni sahihi, na hizo ndizo siku ngumu zaidi kwao.

La mwisho ni utunzaji. Kampuni ya Adobe iliacha kuhudumia Flash, programu yake ya kuchezesha michoro na video kwenye kivinjari, tarehe 31 Desemba 2020, na maonyesho mengi mazuri ya sayansi yaliyotengenezwa kwa Flash yakawa hayafunguki tena kwenye vivinjari vya kawaida. PhET, mradi wa maonyesho ya sayansi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulihamishia mengi ya kwake kwenye HTML5, lugha ambayo vivinjari vya sasa huifungua vyenyewe, lakini ule ni mradi wenye watu na fedha. Mhadhiri mmoja hana mafundi wa kumfanyia hivyo. Basi kila ukitengeneza kitu, hifadhi pia malighafi yake: sauti kabla hujaibana, mchoro unaoweza kuhaririwa, na maelezo ya nusu ukurasa kuhusu lengo, swali la kubashiri na majibu uliyoyapata. Msimbo wangu wa R nauhifadhi kama faili la maandishi ya kawaida, na juu yake nimeandika toleo la R nililolitumia na tarehe.