Barua kwa Mama Meshaki

Mama Meshaki, mbukwenyi hapo Nkuhungu.

Ujumbe wako nimeusoma. Meshaki ana miaka sita, hataki tena kushikwa mkono, anataka kwenda dukani peke yake. Nawe unauliza nilijuaje kwamba umeshaweza kwenda mwenyewe, na kama sikuogopa.

Sikujua. Kaka yako nilimsindikiza shule mpaka darasa la tatu, wenzake wakamcheka. Zamu yako ilipofika nilikuwa na mdogo wako mgongoni na foleni ya maji kisimani, basi ukaenda. Jibu la kweli ndilo hilo, ingawa si la kujivunia.

Ila lile korongo la Mvumi nililiogopa. Kiangazi chote ni mchanga mtupu, watu wanachimba humo maji ya kunywesha ng'ombe. Halafu siku moja mvua inapiga huko juu, kwenu jua linawaka, na maji hayo yanakuja. Na darasa la kwanza linaanza Januari, mvua ziko katikati! Kwa hiyo kiangazi ulikwenda mwenyewe, masika nilikuvusha. Umri sikuuhesabu.

Ulipokuwa la pili, nilisikia ngurumo upande wa milimani nikatoka mbio na kanga moja. Nikakukuta ng'ambo, umekaa chini ya mgunga, viatu umevitia kwenye mfuko wa madaftari, unafyonza ubuyu. Ulikuwa umechomeka kijiti pale maji yalipoishia. Ukanipigia kelele: "Mama, bado! Maji hayajashuka kwenye kijiti!" Nami mguu mmoja ulishaingia majini. Habari za kijiti sikukufundisha mimi. Tukakaa hivyo, wewe kule mimi huku, mpaka jua likaanza kuzama. Nilifurahi, ndiyo. Lakini kwa mbio zile nilizokuja nazo, nilitegemea ulie japo kidogo.

Kwenu hapo korongo ni barabara, na tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, bodaboda na malori hayana kiangazi. Duka la upande wenu mwache aende, chenji ahesabu mwenyewe. Akipunjwa shilingi mia, hiyo ni ada. Kuvuka bado, hata akinuna. Simama mlangoni ukitaka, ila usimwite.

Jumamosi nakuja na gari ya asubuhi, nina mlenda mkavu na karanga. Mwambie Meshaki anipokee mzigo stendi. Wewe kaa nyuma yake.

Mama yako