Fundi kaondoka na funguo za apu, nifanyeje?

SWALI: Asalam alaykum kaka. Mie nina apu ya kukodi mashua huku kaskazini, mgeni anachagua safari ya Mnemba au ya kuangalia machweo, analipa kianzio kisha mie nampangia nahodha. Alonitengenezea ni rafiki tulosoma nae skuli, tulikubaliana kwa mdomo tu, nampa pesa kidogo kidogo na nkamwambia tukifika mbali na yeye atakuwa na sehemu yake. Sasa kapata kazi Dar, simu hapokei, na juzi nataka kubadilisha bei nakuta kila kitu kiko kwenye imeili yake, domeni (jina la tovuti), seva, mpaka akaunti ya Play Store. Nimemtumia meseji kanijibu neno moja, "changu kwanza". Kuna kijana hapa anasema kwa laki mbili anaweza kuniingilia ile akaunti. Halafu jengine, picha za pasipoti za wageni zote ziko kwenye grupu ya WhatsApp ya manahodha, nimeambiwa hiyo ni kesi, kweli? — Mwenye mashua, Nungwi

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Nianze na huyo kijana wa laki mbili: mwambie asante, laki mbili zako kanunulie mafuta ya mashua. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayofanya kazi bara na huku kwetu, na hakimu hatokuuliza apu ni ya nani moyoni, atauliza akaunti ni ya nani. Sa hivi wewe ndo mwenye malalamiko, ukimtuma yule kijana utageuka mshtakiwa.

Sasa wewe uko Nungwi, unaona mafundi wanavyounda madau pale pwani. Fundi akimaliza analipwa, dau linashuka majini na mwenyewe. Wewe fundi wako hukummalizia pesa yake na dau ukaliacha limefungwa kwenye gati yake, kwa kamba yake. Sisemi kafanya vizuri kukuzimia simu, lakini hakimiliki ya programu huanzia kwa mtu aloiandika, na nyie hata karatasi moja hamna, kwahiyo usiende kwake na vitisho, huna cha kumtishia nacho.

Nenda Dar kama unaweza, au mtume mtu mnaemuheshimu nyote wawili, na ukae nae mhesabu: nlikupa kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Kisha malipo yaende na makabidhiano siku moja, mezani, sio "nitumie ntakupa kesho". Cha kwanza domeni, ihamishwe iandikwe jina lako au la kampuni, na kabla hujaenda angalia hiyo domeni inaisha lini, inaonekana kwa yeyote akitafuta kwenye whois, yaani daftari la wazi la domeni, maana ikiisha bila kulipiwa nyote wawili mnaweza kuikosa. Kwenye Play Store yeye hahitaji kukupa paswadi yake, wewe fungua akaunti yako ya msanidi, yaani ya mtoa apu, ni dola 25 mara moja tu, kisha apu inahamishwa kutoka kwake kuja kwako na wateja wake na maoni yake yote. Muulize na ufunguo wa kusainia apu uko wapi, yaani lile faili la siri linalothibitisha kuwa toleo jipya limetoka kwa mwenye apu. Kama ulikabidhiwa Google hakuna taabu, kama uko kwenye laptopu yake tu na ikaharibika basi ile apu hutoweza kuisasisha tena, itabidi uanze na mpya. Na kodi yote, yaani yale maandishi ya programu yenyewe, na nakala ya data uchukue siku hiyo hiyo.

Linalonitisha mie zaidi ni lile neno "sehemu yake". Sehemu gani? Robo? Nusu? Ya faida au ya kampuni? Leo apu ndogo mnagombana kwa chenji, siku ukipata mwekezaji atatokea huyo na meseji zako za zamani kazihifadhi zote, na hakuna mwekezaji anaetia pesa pahala penye mgogoro wa nani mwenye mali. Andikeni. Ama unamlipa anasaini kuwa hana dai tena, ama anabaki na hisa lakini anazipata kidogo kidogo kwa kila mwaka anaofanya kazi, akiondoka anaondoka na alizokwishazifanyia kazi basi. Na kampuni kama hujasajili, nenda BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa Zanzibar. Ila jua kuwa alama ya biashara ukisajili BPRA inakulinda Zanzibar tu, bara kuna wakala wao, BRELA, na ni usajili wa peke yake, watu wengi wameliwa majina yao hapo kwa kudhani Muungano unahesabu kila kitu.

Pasipoti sasa. Futa ile grupu leo, sio kesho, na waambie manahodha wafute kwenye galari zao. Nahodha anahitaji jina na idadi ya watu, pasipoti ya Muitaliano ya kazi gani kwake? Simu moja ikiibiwa Darajani zimekwenda zote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023 na ina Tume yake. Kwa Zanzibar inashika mambo ya Muungano tu, na nshasikia watu wanajificha kwenye kipengele hicho, mie sikushauri, kwa sababu wewe unauza kwa wageni wa Ulaya, na ukiwalenga wao hukohuko kwao basi na sheria yao ya kulinda taarifa za watu, GDPR, inakufata mpaka Nungwi. Kwao data ikivuja una masaa 72 ya kuripoti.

Na kianzio cha wageni kikae akaunti ya peke yake, usichanganye na pesa ya nyumbani. Ila usije ukaanza kuwawekea manahodha salio ndani ya apu, hapo unaingia kwenye mambo ya leseni ya Benki Kuu.

SWALI: Kaka mie nasoma kompyuta, nimegundua tovuti ya duka moja kubwa ukibadilisha namba kule juu kwenye anwani ya tovuti unaona oda za watu wengine. Niwaambie kwa malipo? — Msomaji, Wete

JIBU: Waambie, ila bila ya malipo. Ukisema "nipeni kitu ndo nseme" ushakuwa mtu anaewatisha, hata kama nia yako njema. Na usiendelee kubadilisha hizo namba kuhesabu oda ngapi zinaonekana, moja ulioiona imetosha, kila unayofungua baada ya hapo unaifungua kwa kujua kuwa si yako. Piga picha ya skrini ufiche majina, waandikie imeili fupi kwa jina lako kamili, na usiitie kwenye grupu la darasa lenu. Wakitaka uwakagulie tovuti nzima, wakupe ruhusa kwa maandishi na bei humohumo kabla hujagusa kitu.