Ukitaka Trilobaiti Safi, Kompresa Iwe ya Mwisho Kununua

"Kaka, kompresa gani inafaa kusafishia trilobaiti?" ameniuliza msomaji mmoja wa Texas. Tangu niweke picha ya Eldredgeops wangu, trilobaiti (mnyama wa baharini wa kale aliyegeuka jiwe) aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye maonyesho, maswali ni hayo hayo. Najua, nanyi mnataka wenu washinde.

Niacheni nijisifu kidogo. Nilimtoa mwenyewe Penn Dixie, Hamburg, jirani na Buffalo, New York. Ni machimbo ya zamani. Leo unalipa kiingilio, unachimba, na ulichookota ni chako. Matope yaliyomfunika yaligeuka jiwe miaka milioni 380 hivi iliyopita. Alikuwa amejikunja kama jongoo aliyeguswa, umeonekana ubavu mmoja tu. Sikumgusa. Nilikata jiwe kwa kumzunguka, nikamviringishia karatasi ya chooni, tukaenda nyumbani.

Siku za kukwangua naziruka, hazina hadithi. Hadithi iko kwenye jicho. Ukilitazama kwa hadubini, lenzi zimejipanga safu kwa safu, vidoti vya kalsaiti, yaani madini ya chokaa, na kati ya kidoti na kidoti umejibana uchafu wa kijivu. Hapo kalamu ya upepo, ile ya kuchongea jiwe inayoendeshwa na kompresa, niliiweka chini nikashika sindano. Punje moja, napuliza. Punje nyingine, napuliza. Mwishoni ndipo nikarusha poda ya madini ya dolomaiti kwa presha ndogo sana, maana dolomaiti ni ngumu kuliko gamba lenyewe. Ukizidisha, lenzi zinafutika.

Siku ya maonyesho bwana mmoja akaniinamia mezani, akamtazama weee, kisha: "Nani amekusafishia?" Wenzangu wa meza za jirani hakuwauliza hivyo. Nilimjibu kwa adabu, lakini mpaka leo limenikaa kooni.

Basi sikilizeni. Anza na sindano na hadubini, kompresa ije mwisho. Gamba likibanduka, ligandishe hapo hapo kwa supagluu, usingoje kesho. Siki usithubutu: gamba ni kalsaiti, litaliwa. Na sindano, narudia. Siku hizi watu hawana subira. Wananunua trilobaiti wa Moroko waliofinyangwa kwa resini, viputo vya hewa vinaonekana kwa lenzi ya mkononi, halafu wanajiita wakusanyaji! Huwezi kukaa na jicho moja jioni nzima? Kakusanye stempu.

Ukimaliza, andika kibandiko: mahali, tabaka la mwamba, tarehe. Na palipoandikwa "msafishaji", weka jina lako kwa herufi kubwa.