Paneli ya wati 100 kwa kibanda cha shamba Lushoto

Kaka, umesema una paneli ya wati 100 na betri ya gari, unataka taa 4, runinga, simu na friji. Friji iondoe kwanza, hesabu yako ikae sawa.

Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Runinga ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Simu weka 20. Jumla 280 kwa siku. Jua likiwaka vizuri paneli hiyo inatosha, lakini Juni na Julai huko milimani ukungu unakaa mpaka mchana. Hesabu saa 3 tu za jua kali, toa theluthi inayopotea njiani, unabaki na 200, pungufu ya zile 280. Nunua paneli ya wati 150.

Betri ya gari ni ya kuwashia injini. Ukiimaliza kila usiku inakufa mapema. Yangu ilianza kuvimba ubavuni kabla ya mwaka. Tafuta ya sola, ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaotunza), na chaji yake usiishushe chini ya nusu.

Waya nao uwe mnene na mfupi. Friji tuongee ukishavuna.