Futeni hilo andiko: mfadhili akitangulia, kijiji kinakunja mikono

Mkuu, usilitume hilo andiko la kuomba ufadhili. Leo wala kesho. Salamu tutapeana baadaye.

Umesema mko 23 kwenye grupu, wote mmesoma shule moja ya msingi, mnataka watoto wa kule wasishinde njaa darasani, na mmoja wenu kampata mzungu mwenye moyo huko Norway. Umeuliza msajili kikundi au asasi, akaunti mfungue wapi, sare zishonwe au zinunuliwe, halafu kwenye andiko sehemu ya "mchango wa jamii" mjaze nini maana "wanakijiji wenyewe hawana kitu".

Hapo kwenye "hawana kitu" nikaweka kikombe chini. Hayo maneno niliwahi kuyaandika mimi, na watoto 186 wakakosa uji kwa sababu yake.

Ni kijiji kimoja wilayani Kongwa, nilikozaliwa. Hadi 2016 pale shuleni hakukuwa na mradi wowote. Kulikuwa na mama mpishi, sufuria moja, mafiga matatu na daftari la kamati lililotoka jalada. Ada ilikuwa imefutwa Januari ile, lakini tumbo la mtoto lilibaki kwa mzazi kama zamani. Kila kaya ilipeleka debe la mahindi baada ya mavuno, asiye na debe alileta nusu, asiye na nusu alileta kuni au alibeba maji. Kwa mwaka ziliingia debe 80 hivi. Sisi wa Dar tulituma sukari tukikumbuka, na hatukukumbuka mara nyingi. Siku nyingine uji ulikosekana, sikatai. Sasa sisi wenye simu kubwa tukaona ile ni aibu, kijiji chetu kinakula kwa kuungaunga.

Ndipo akatokea bwana mmoja aliyejiita mtaalamu wa maandiko. Tai, begi la kompyuta, na kila sentensi "wadau". Tulimlipa laki sita. LAKI SITA, wakuu! Kwa bei za soko la mahindi la Kibaigwa wakati wa mavuno hayo ni magunia ya kutosha, tukayageuza kurasa 19. Huyu bwana hakufika kijijini hata siku moja. Alituambia mfadhili hapendi kusikia watu wanatoa, anapenda kusikia shida. Lile daftari tukaliacha nje ya andiko, tukaandika mchango wa jamii: hakuna. Debe 80 zikafutwa kwa neno moja. Popote ulipo ndugu, kama bado unauza hiyo dawa yako, mahindi yakukwame kooni.

Hela ilitoka, kwa kikundi kidogo cha marafiki huko Ulaya, watu wema tu, sina ugomvi nao. Novemba 2016 tukaenda kutangaza kwenye mkutano wa kijiji, chini ya mbuyu. Tulivaa tisheti zenye picha ya mtoto kashika kikombe. Ndiyo, na mimi nilivaa, ninayo hadi leo, inaoshea pikipiki. Nikapewa nafasi ya kuongea. Nikasema: "Kuanzia Januari, mzazi hatoi kitu."

Vigelegele. Wazee wakanishika mkono. Nilirudi Dar kifua mbele kama mbunge.

Mkuu, sijawahi kutamka sentensi ya gharama kama ile, na niliwahi kumwambia baba mkwe mahari ataipata yote mwezi ujao.

Mambo hayakuharibika siku moja. Kuni zilitangulia. Mradi ulilipia mahindi na sukari, kuni hatukuziweka kwenye bajeti, na aliyekuwa analeta mzigo akasema mradi ununue. Halafu maji. Halafu kamati, watu waliokuwa wanakaa juu ya mawe bure tangu zamani, wakauliza posho ya kikao, na kwa akili yangu nikaona ni sawa. Sufuria ikatoboka, ikakaa wiki tatu inasubiri "watu wa Dar". Fundi wa kuziba yupo hatua 50 kutoka shule! Mwanawe anasoma pale pale! Zamani angeiziba bila kuambiwa.

Februari 2018 ikaja barua pepe ya mistari minne. Wenzetu wa Ulaya wamebadilisha mipango, wanatushukuru. Wakati ule ghala lilikuwa na magunia mawili.

Anayeijua Dodoma anajua Februari ni nini. Mvua ni msimu mmoja, mahindi yako shambani bado mabichi, ya mwaka jana yameisha, mwenyekiti mwenyewe anakopa unga. Na Januari ile ile Rais Magufuli alikuwa amepiga marufuku walimu kuchangisha wazazi, kwa hiyo mwalimu mkuu hakuthubutu hata kutamka neno debe. Nikapanda basi kwenda kuomba mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Nyumba ya tatu ni ya bibi mmoja anayelea wajukuu wanne. Kabla ya mradi huyu hakuwa na debe. Alikuwa analeta mahindi kwenye kopo la Kimbo, anayapima mbele ya watu, anahakikisha limeandikwa, kisha anakwenda kukaa mstari wa mbele na waliotoa. Nikamkuta anapepeta. Hakuacha kupepeta.

"Mwanangu, si ulisema mzazi hatoi kitu?"

Nikasema, bibi, mambo yamebadilika.

"Basi waambie wenyewe uji wao umeisha."

Uji wao. Unasikia? Wajukuu zake wanne ndio wanaokunywa, lakini uji si wake tena, nilishamnyang'anya kwenye mkutano. Uji ulisimama hadi Juni, na baadhi ya watoto walianza kutoroka saa nne kwenda kutafuta chochote. Wawili wa darasa la sita hawakurudi kabisa.

Tulianza upya mavuno ya 2018. Mkutano wa kijiji ukapitisha, wazazi wakachagua kamati yao, mwalimu hagusi gunia. Daftari jipya linasomwa kwa sauti mkutanoni, jina na kipimo, kopo linasomwa kwa heshima ile ile ya debe. Mwaka ule debe 31. Uliofuata 58. Mavuno yaliyopita debe 97, yaani gunia 16 na debe moja. Kwa kilo 11 za kila siku hazitoshi mwaka mzima, na hapo tu ndipo sisi wa mjini tunaingia: tunajazia wiki za mwisho, sukari na posho ya mama mpishi. Yule bibi amerudi mstari wa mbele. Mimi hanisalimii vizuri bado.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sibishani nayo: senti ya nje isiingie kabla debe la kwanza la kijiji halijaingia ghalani. Huyo mzungu wa Norway mwambieni asubiri, kama ana moyo kweli atasubiri. Akija, ajazie kilichopungua, na kwenye karatasi yake andikeni debe ngapi zimetolewa na nani, hata kama ni nne. Usajili nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, atawaelekeza.

Na kama kwenu ni ukanda ule ule, sasa hivi watu wanavuna. Mpigie mwenyekiti wa kijiji jioni hii aitishe mkutano. Malori ya Kibaigwa yakishapita, mtabaki mnachangisha mabua.