Mafunzo nimehudhuria, vibali ninavyo, mbona mzigo hauendi nje? Jibu langu kwa niliyoyaona kwenye viungo Muheza

Mkuu mleta mada, nimesoma uzi wako wote. Kampuni ya watu sita, mnafungasha viungo, usajili wa BRELA na ubora wa TBS mmemalizana nao, semina za kuuza nje umehudhuria mpaka vyeti vimejaa ukutani, ila sampuli zikifika Ulaya mnunuzi anakaa kimya. Sasa unauliza hela iliyobaki uende nayo maonesho mengine ya nje au uajiri mtu. Wadau wengi hapo juu wamekwambia shida ni mtaji. Mtaji ni shida kweli, sikatai, ila kwa maelezo yako siyo unaokukwamisha.

Nimeshika stoo kwenye kampuni mbili ndogo za pilipili manga na mdalasini pale Muheza, mzigo ukishuka kutoka milima ya Amani. Zote mbili zilipata mafunzo yaleyale, tena ya bure. Moja ilipotea kabisa kwenye soko la nje. Nyingine mpaka naondoka ilikuwa inapakia.

Ile ya kwanza, mwenda semina alikuwa bosi peke yake. Anarudi na begi, kalamu na makabrasha, vyote vinaishia kabatini. Anayeanika pilipili kijijini hana habari kama kulikuwa na semina. Ikaja barua pepe ya mnunuzi wa Ujerumani na ripoti ya maabara: sumukuvu, ile sumu ya ukungu, imepita kiwango. Kwa pilipili manga, Umoja wa Ulaya unaruhusu kwa kila kilo mikrogramu 5 tu za sumukuvu aina ya B1, na 10 kwa jumla ya aina zote za sumu hiyo. Bosi akaipitia ile karatasi, akasema, "Huyu anatafuta punguzo," akamjibu kwa kushusha bei! Mnunuzi hakuandika tena. Taarifa yenye faida kuliko semina zote ilifika mezani bila gharama, ofisini hakuna wa kuisoma.

Wasomi Cohen na Levinthal waliliandikia hili mwaka 1990. Wanaliita uwezo wa kampuni kufyonza maarifa. Hoja yao ni kwamba kipya unakipokea kulingana na unachokijua tayari, na kwamba haitoshi mtu mmoja kujua, lazima kitu kitembee ndani ya kampuni mpaka kimfikie anayekifanyia kazi. Wao walikuwa wanazungumzia viwanda vyenye vitengo vya utafiti, lakini ukikaa stoo ya Muheza wiki moja utawaelewa vizuri tu.

Kampuni ya pili ilikuwa ndogo zaidi. Mama mwenye nayo alimwajiri binti aliyesoma sayansi ya chakula pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, na mshahara ule ulimuuma, alikuwa anausema kila mwisho wa mwezi. Binti alianza na daftari. Kila gunia namba yake, kijiji, tarehe ya kuanikwa, unyevu siku ya kupokelewa. Majibu ya maabara yalipokuja mabaya, hakubishana na mtu. Alifungua daftari, akakuta magunia yenye shida yote yameanikwa chini kwenye maturubai siku za mvua na kupokelewa unyevu ukiwa juu ya asilimia 12. Amani mvua haina adabu, unaanika asubuhi, mchana unakimbiza.

Akapanda na majibu hayo milimani kwa wakulima. Alibeba kipima unyevu akawapa kina mama wapime wenyewe, pilipili ya kichanja na ya turubai, wakaona namba kwa macho yao. Akawaonyesha pia kuchovya pilipili mbichi kwenye maji yanayochemka, dakika moja hivi, ndipo ianikwe: inageuka nyeusi haraka na kukauka upesi. Mzee mmoja akauliza kwa nini wasikaushe kwa moshi, kazi iishe. Binti akamweleza kwamba masalia ya moshi nayo yanapimwa Ulaya. Mzee akanung'unika, ila msimu uliofuata nilimwona ana kichanja, tena kirefu kuliko cha jirani.

Kingine, mnunuzi akiuliza gunia fulani limetoka wapi, jibu lilikuwa linaenda siku hiyohiyo. Nadhani hilo lilimbakiza mnunuzi kwetu kuliko hata bei, maana bei yetu haikuwa ya chini.

Kwa hiyo hiyo hela, ajiri. Maonesho yatakuletea kadi za biashara, na maswali ambayo kwa sasa huna wa kuyajibu. Usihangaike na GPA, alama zake za chuo. Mpe ripoti ya maabara akueleze wewe, halafu mpeleke kijijini akamweleze anayeanika. Akifaulu hilo la pili, mpe mkataba. Na wiki hii waandikie wale wanunuzi waliokaa kimya, waombe matokeo ya vipimo vya sampuli zako. Wengine watakutumia. Ukizipata futa majina, ziweke hapa tuzisome.