Maadili na Utafiti wa Mikakati ya Biashara

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, tasnifu yangu ya uzamili inahusu mikakati ya kampuni za mawakala wa forodha katika bandari ya Mombasa. Msimamizi wangu ananishauri niondoe masuala ya maadili, kwa kuwa utafiti wa mikakati hutazama ushindani na faida tu. Je, ni kweli? – Mwanafunzi, Tudor.

JIBU: Ndugu mwanafunzi, si kweli. Kenneth Andrews wa Harvard, mmoja wa waasisi wa taaluma hii, aliandika mwaka 1971 kwamba mkakati hujengwa kwa fursa za soko, uwezo wa kampuni, maadili ya viongozi wake na wajibu kwa jamii. Mawili ya mwisho yalisukumwa pembeni uchambuzi wa ushindani ulipotamalaki miaka ya 1980, ingawa mwaka 1984 mwanazuoni wa Marekani R. Edward Freeman alitetea kwa nguvu nafasi ya wadau wote, yaani kila anayeguswa na shughuli za kampuni.

Lakini kinachonihangaisha zaidi ni kipimo chako. Yamkini utapima mafanikio kwa siku ambazo kontena hukaa bandarini kabla ya kutolewa. Kampuni moja hukagua ankara na hati za shehena kabla meli haijatia nanga, ndipo mizigo yake haikwami. Nyingine hupeleka hati zenye kasoro, kisha hutoa kitu kidogo ili zipite. Kontena zao zikitoka siku moja, dodoso lako litazihesabu kuwa na uwezo sawa, na hongo itaingia katika matokeo yako kwa jina la ufanisi. Hilo ni kosa la kisayansi kabla halijawa la kimaadili. Tena Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016 inazitaka kampuni binafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo, kwa hiyo kasi ya kampuni ile ya pili imebeba hatari isiyoonekana katika hesabu za mwaka mmoja.

Hata hivyo, usijifunge kuthibitisha kwamba uadilifu huleta faida. Huenda takwimu zikakataa, na hongo itabaki kuwa dhuluma kwa mfanyabiashara mdogo aliyesubiri zamu yake.

Usimuulize karani wa kampuni moja kwa moja kama wanahonga, maana hatakujibu. Mwombe akueleze hatua kwa hatua jinsi kontena la mwisho lilivyotolewa, na usiandike jina lake wala la kampuni yake popote, kwa sababu anaweza kupoteza kazi kwa kukuambia ukweli.